Nywele hugandia juu ya maji moto, si kwa kutoka bafuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nirekebishe jambo kuhusu picha mliyochapisha ya watu waliokaa kwenye maji, nywele zimesimama wima na kuwa nyeupe pe. Maelezo yaliyo chini ya picha yalisema kwamba katika nchi za baridi kali mtu akitoka kuoga na kusimama nje dakika chache, nywele hujigandia zenyewe kwa umbo hilo. Si kweli. Umbo lile hutengenezwa kwa mkono, fungu kwa fungu, na mtu akiwa amezama hadi shingoni kwenye maji moto. Atakayefuata maelezo yenu akatoka bafuni na kichwa kibichi, baridi itamuumiza masikio kabla hajapata hiyo picha. Wasomaji wengi wana watoto na ndugu wanaosoma au kufanya kazi kwenye nchi hizo, na vijana wanapenda kujaribu wanachokiona. Afadhali wajue kinavyofanyika hasa.

Mchezo huu ulipata jina katika chemchemi za maji moto za Takhini, kama kilomita 30 kutoka Whitehorse, mji mkuu wa eneo la Yukon, kaskazini magharibi mwa Kanada. Mashindano ya kugandisha nywele yalianza hapo mwaka 2011, na siku hizi mahali penyewe panaitwa Eclipse Nordic Hot Springs. Maelekezo ya washiriki ni mafupi: subiri siku yenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, ingia majini, zamisha kichwa mpaka nywele zote zilowe, rudisha masikio majini mara kwa mara yapate joto, vumilia mpaka nywele zigande, kisha piga kengele iliyo karibu na mlango wa kuingilia bwawani ili mfanyakazi aje na kamera. Kama unavyoona, mshiriki hatoki majini hata mara moja. Maji yana joto la nyuzi 40 hivi. Mwili unabaki na joto lake, kichwa peke yake ndicho kinachokabili baridi, na kila kinapozidiwa dawa ipo sentimita chache chini ya kidevu.

Maji hayo yana kazi ya pili, ambayo maelezo yenu hayakuigusa kabisa. Nywele zilizoloa tu, zikiganda, hazigeuki kuwa nyeupe. Hubaki na rangi yake, ziking'aa kama zimepakwa rangi ya vanishi, kwa sababu barafu ya maji yaliyoganda polepole huwa angavu. Ule weupe unatokana na mvuke. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 40, ikishiba mvuke, hubeba karibu gramu 50 za maji. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu moja hivi. Mvuke unapopanda kutoka kwenye bwawa na kukutana na hewa hiyo, maji yote yaliyozidi lazima yatue mahali. Hutua kwenye nywele, nyusi, kope na ndevu, yakiwa chembe ndogo za barafu zenye hewa katikati yake, na hizo chembe ndizo zinazotawanya mwanga na kuonekana nyeupe. Basi kuna barafu mbili kichwani: ya ndani inayoshikilia umbo na ya nje inayoleta ule weupe. Bafu la nyumbani linaweza kukupa ya kwanza tu, tena kwa shida.

Kosa linaloharibu kazi ya wengi ni maji mengi. Mtu huzamisha kichwa, huinuka maji yakimchuruzika, kisha hushangaa dakika zinapita na nywele zimelala tu. Hesabu yake si ngumu. Mililita 100 za maji ya nyuzi 40 zinapaswa kupoteza jouli 50,000 hivi za joto ndipo ziwe barafu: theluthi moja ya joto hilo hutoka maji yakishuka hadi sifuri, theluthi mbili hutoka wakati wa kuganda kwenyewe. Ukikamua nusu ya maji hayo, umepunguza nusu ya kazi, na uzito nao umepungua. Kwa hiyo nywele zilowe hadi kwenye ngozi ya kichwa, halafu zikamuliwe kwa viganja mpaka ziache kudondosha. Zikishakamuliwa hivyo, zinainuka.

Kuumba kunaanza utosini. Shika fungu lenye unene wa vidole viwili, livute juu taratibu, lisokote nusu mzunguko ili nywele zishikane, na lishikilie kwa ncha. Kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri ncha huanza kukakamaa baada ya dakika moja au mbili. Utaisikia kwa vidole, inaacha kuwa laini na inaanza kukwaruza. Hapo liachie, nenda kwenye fungu la jirani. Usishike katikati ya fungu, maana joto la vidole linayeyusha ulichojenga. Likianza kuinama, usizamishe kichwa upya. Chovya vidole majini, dondosha matone machache mahali linapokunjika, shikilia tena. Kila tabaka jembamba la maji huganda juu ya lile la kwanza na umbo linazidi kuwa gumu. Anayemwaga maji mengi mara moja huyeyusha kazi yote ya mwanzo.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna ujanja wa kukishinda. Sentimita moja au mbili za nywele zilizo karibu na ngozi hazigandi, kwa sababu ngozi ya kichwa ina joto na inazipasha muda wote. Ina maana jengo zima limesimama juu ya msingi mlaini na mbichi. Ndiyo sababu mnara mmoja mwembamba wa nywele ndefu huanguka hata ukiwa umeganda vizuri juu. Mafungu yanapaswa kuegemeana: yale ya pembeni yaelekee utosini, yagusane, yagandishwe pamoja kwa matone kwenye maungio. Ukitazama kwa makini picha za mashindano, maumbo makubwa kabisa ni mapana chini: feni, taji, kichaka kilichotawanyika pande zote. Kwa upande wa nyuma tafuta mwenzako akuumbie, kwani huwezi kuona, na mikono ikikaa juu muda mrefu ikiwa mibichi nayo inaumia.

Aina ya nywele inabadilisha kazi sana. Nywele zilizonyooka za sentimita 10 hadi 20 ndizo rahisi kusimamisha. Zikipita mabega, uzito unashinda, na ni bora kuzitandaza kama feni kuliko kulazimisha zisimame. Nywele za kipilipili hazihitaji barafu ya kuzisimamisha kwa kuwa zinasimama zenyewe. Zilowe kidogo, zichambuliwe kwa vidole, kisha ziachiwe mvuke. Nafasi zilizo katikati ya mizunguko hukamata chembe za barafu kila upande, na afro iliyokaa nusu saa kwenye mvuke mzito huwa nyeupe kuanzia nje hadi ndani. Kwa maoni yangu hakuna umbo zuri kushinda hilo, na inasikitisha kwamba picha zake huchapishwa mara chache. Rasta hunywa maji mengi, huganda polepole na kuyeyuka polepole, kwa hiyo zinavuta shingo na ngozi ya kichwa. Zikamuliwe kwa taulo kwanza. Nywele za bandia za plastiki hazinyonyi maji, hivyo mtu mwenye misuko ya namna hiyo hupata jalidi ya juu juu tu, ambayo hata hivyo hupendeza. Mafuta na krimu nzito viondolewe siku hiyo, kwa maana maji hujikusanya kama shanga juu ya mafuta na barafu inashika kwa mabaka.

Upepo ni adui wa mambo mawili kwa pamoja. Unapeperusha mvuke kabla haujatua kwenye nywele, na unaongeza ukali wa baridi kwenye ngozi. Baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri ikiwa na upepo wa kilomita 20 kwa saa huhisiwa na ngozi kama nyuzi 37 chini ya sifuri, na kwa kipimo hicho ngozi iliyo wazi inaweza kuanza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30, hata ikiwa kavu. Usiku tulivu wa nyuzi 22 chini ya sifuri hutoa nywele nzuri kuliko alasiri ya nyuzi 35 chini ya sifuri yenye upepo. Baridi ya Yukon inajulikana: kijiji cha Snag kilipimwa nyuzi 63 chini ya sifuri tarehe 3 Februari 1947. Lakini mchezo huu hauhitaji rekodi, na baridi ikivuka nyuzi 40 faida haiongezeki bali masikio tu ndiyo yanayozidi kuteseka.

Masikio ndiyo ya kuyalinda kuliko kitu chochote. Ni membamba, hayana mafuta ya kuyakinga, na damu inayofika huko ni kidogo. Usisubiri yaume, maana ganzi inaondoa maumivu na mtu hudhani amezoea. Kila dakika mbili tatu laza kichwa upande mmoja, sikio lizame, kisha upande wa pili, bila kugusa nywele za utosini. Hereni na vipini vya puani vivuliwe kabla ya kuingia, kwa kuwa metali inatoa joto mwilini haraka kuliko ngozi. Kwa sababu hiyo hiyo, vibanio na vitana vya chuma visitumike. Ngozi ikiwa nyeupe au ya kijivu, ngumu kama nta na isiyo na hisia, mchezo umekwisha: irudishe kwenye joto taratibu, kwa maji ya nyuzi 37 hadi 39, na hisia isiporudi nenda hospitali. Usiisugue kamwe, wala usipake theluji, kwa sababu chembe za barafu zilizo ndani ya ngozi hukata nyama inaposuguliwa.

Kope huganda na wakati mwingine za juu na za chini hushikana. Usifungue jicho kwa nguvu. Funika kwa kiganja kilichotoka majini, hesabu hadi kumi, zitaachiana zenyewe. Pombe iachwe kabisa. Maji ya nyuzi 40 yenyewe hupanua mishipa na kushusha shinikizo la damu, na mtu aliyekunywa anaweza kuzimia anapoinuka au asitambue kwamba amepoteza hisia. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa moyo, na mtoto mdogo wasikae humo muda unaohitajika.

Tena mchezo huu usichanganywe na ule wa kurusha maji yanayochemka hewani yageuke ukungu. Ule una fizikia yake na umewaunguza watu wengi, kwani upepo mdogo tu unawarudishia maji usoni. Hakuna maji yanayochemka katika kugandisha nywele, na anayekuja na birika amekosea mchezo.

Picha ikishapigwa, kinachofuata ndicho watu hukiharakisha na kujutia. Unywele uliolowa hunyonya maji yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake, huvimba na kuwa dhaifu. Ukiwa umefungwa na barafu, hauwezi kupinda. Ukiukunja au kuuchana hapo, unakatika pale pale, na fungu zima linaweza kubaki mkononi. Kuganda kwenyewe hakuui nywele, kwa sababu sehemu iliyo nje ya ngozi haina uhai na mzizi uko ndani kwenye joto. Kinachokata ni mkono. Shuka polepole mpaka maji yafike utosini, kaa hapo hadi kila kitu kilainike, kisha kamua. Vaa ndara, maana sakafu ya kutoka bwawani imejaa matone yaliyoganda na utelezi wake ni mbaya. Nenda moja kwa moja kwenye chumba cha kubadilishia, kausha nywele kabisa, hadi mizizi, kabla ya kuvaa kofia na kutoka nje. Kofia juu ya nywele mbichi inaganda nazo, na njia ya kwenda kwenye gari inatosha kukuumiza masikio uliyoyalinda jioni nzima.

Msomaji wenu,
Whitehorse, Kanada