Kwa rafiki wa Uyole, kuhusu kambale wa chini

Iringa, Juni

Rafiki yangu,

Salamu nyingi, na poleni na baridi ya huko Uyole, Mbeya. Umeuliza kama tangi lako la kioo, sentimita 60 kwa 30 kwa 30, linafaa kambale wadogo wa kukufagilia uchafu wa chini. Linafaa, lakini hilo la kufagia liondoe kichwani, maana ndilo linalowaua. Kambale hawa hawali kinyesi cha wenzao. Wanaishi pale uchafu unapotua, na kutwa wanauchokonoa kwa sharubu. Chini pakioza, wao ndio wa kwanza kuumwa.

Usichukue kambale wetu wa mabwawani. Yule huweza kupita mita moja. Tafuta koridora, samaki wa Amerika ya Kusini anayeishia sentimita 6 au 7. Kwa Mbeya chagua Corydoras paleatus, mwenye mabaka meusi, kwa sababu maji ya nyuzi 18 hadi 23 yanamtosha. Ukionyeshwa Corydoras sterbai, mwenye madoa meupe kichwani, utampenda, lakini mwache: anataka nyuzi 24 na kuendelea, na Julai umeme ukikatika usiku mmoja tu atateseka. Nunua sita, wasipungue. Wawili peke yao hujificha na kula kwa shida.

Sasa mchanga, ambao ningekuomba uushughulikie kuliko kitu kingine chochote. Tumia mchanga laini wa mto, usiokwaruza ukiusugua kiganjani. Uoshe ndoo kwa ndoo mpaka maji yatoke safi, kisha weka kijiko kimoja kwenye kisosi na udondoshee siki. Ukichemka povu, una chokaa, usiutumie. Kama umechotwa upande wa Songwe, kunakochimbwa mawe ya chokaa ya saruji, kipimo hiki usikiruke kabisa. Chokaa hufanya maji yawe magumu na kuyapunguzia uasidi, na katika maji ya namna hiyo amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi na uchafu unaooza, hata ikiwa kiasi kilekile kidogo, huwa kali zaidi. Tandaza unene wa sentimita 3, basi. Ukizidi sana, chini hukosa hewa, mchanga hugeuka mweusi na kunuka yai viza. Kila wiki upitishie kijiti taratibu.

Kokoto zenye ncha huchubua sharubu, na bakteria wa kwenye uchafu humalizia kazi. Ukiona sharubu zimefupika, usikimbilie dawa. Nyonya uchafu, badilisha robo ya maji kila siku ya pili kwa wiki moja, punguza chakula. Shina likiwa bado lipo, huota tena. Na chumvi, ambayo wengi huitumia kwa kila ugonjwa, koridora hawaivumilii vizuri.

Ukijaza maji, acha sentimita 5 chini ya kifuniko. Koridora hupanda mbio juu, humeza hewa na kuifyonza kwenye utumbo. Hilo ni la kawaida. Wote wakipanda kila baada ya muda mfupi, hewa ya majini imepungua au amonia imeunguza mashavu yao ya kupumulia. Huko kwenu ni karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji ya joto lilelile hubeba oksijeni kidogo kuliko ya Dar es Salaam. Pampu ya hewa na filta ya sponji zisizimwe usiku.

Tangi likae wiki 4 hadi 6 bila samaki, filta ikizunguka, ukitupia chakula kidogo kila siku ili bakteria wa filta, wanaoila amonia, wazaliane. Kwa baridi ya huko huenda ikachukua zaidi. Usihesabu siku, pima: amonia na naitraiti, sumu ambayo amonia hugeuka kwanza, zote ziwe sifuri. Sponji ioshe kwa maji ya tangi tu. Klorini ya bombani huwaua bakteria hao.

Hita ya wati 100 inatosha, iwekwe kwenye nyuzi 21, karibu na filta ili joto lisambae. Chini na nyuma ya tangi weka stairofomu. Kabla ya kupunguza maji, chomoa hita na usubiri dakika 15, la sivyo kioo chake kitapasuka. Maji mapya, lita 11 au 12 kwa wiki, yatolewe klorini kwanza, kisha yapashwe kwa birika mpaka yakaribiane na ya tangini. Usimimine ya asubuhi kutoka simtanki.

Chakula kiwe vidonge vinavyozama, uwape taa ikizimwa, wa juu wasije wakavimaliza. Kilichobaki baada ya saa mbili kitoe. Ukiwahamisha tumia kikombe au jagi, si wavu: miiba ya mapezi yao hujifunga ikasimama, hunasa kwenye nyuzi, na huchoma vidole.

Anza na siki kwanza. Ukishaona mchanga umefanyaje, niandikie, ndipo tupange samaki.

Rafiki yako