Visawe vya "youth" visichapwe bila maelezo

Ndugu Mhariri,

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Tanga, mwaka wa 19 sasa. Ukurasa wenu wa kujifunza lugha huwa naukata na kuubandika ukutani darasani, kwa hiyo niaminini nikisema naandika kwa nia njema. Hivi karibuni mlichapa orodha ya visawe vya neno "youth": kid, teenager, adolescent, juvenile, youngster. Mbele ya yote mkaandika neno moja tu, kijana.

Wiki hazikupita nyingi, akaja nyumbani kijana niliyemfundisha, ana miaka 22, mkononi ana nakala ya barua aliyoombea kazi ya mapokezi hotelini. Meneja aliyeisoma alimuuliza swali moja lililomduwaza: umewahi kufungwa? Nikaisoma. Sentensi ya pili ilikuwa hii: "I am a hardworking juvenile." Alilichagua neno hilo, aliniambia, kwa sababu aliliona la kisomi kuliko mengine ya orodha yenu. Kazi hakuipata, na alikuwa ameinamisha uso kama mtu aliyekamatwa na wizi.

Sarufi yake haina kosa. Lakini anayetumia Kiingereza kila siku, akisikia "juvenile", kinachomjia kichwani ni polisi, hakimu na mahabusu. Hata hapa kwetu, Mahakama ya Watoto iliyowekwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 huitwa kwa Kiingereza "Juvenile Court". Na kwa umri pia neno lilimkataa, maana kwa sheria hiyo mtoto ni yule ambaye hajatimiza miaka 18.

Ndiyo maana orodha tupu inanisikitisha. Mwanafunzi huyohuyo, kwa Kiswahili, huwezi kumwambia kwamba kigori, mwari na binti ni kitu kimoja akakubali. Ukimwambia kuna barobaro mlangoni, ameshamwona: kijana wa kiume aliyepevuka, mwenye nguvu zake. "Dogo" analisema kijiweni siku nzima, ila hataliandika kwenye kadi ya harusi. Kujua neno linakaa wapi anakujua tangu utotoni. Kwa Kiingereza hakupata wa kumwonyesha.

"Kid" ndiyo "dogo" ya Waingereza na Wamarekani, au karibu sana. Asili yake ni mwanambuzi, na wapo walimu walionifundisha mimi waliolipiga marufuku kabisa kwa sababu hiyo. Leo ni neno la nyumbani. Mzazi husema "my kids" hata kama mwanawe ana ndevu, na hakuna anayeshangaa. Kwenye barua ya kazi halifai. "Teenager" lenyewe ni la hesabu: linatokana na namba zinazoishia na "-teen", yaani 13 hadi 19. Kwa kuwa namba zetu hazina mwisho wa namna hiyo, wanafunzi wangu huandika "teenager" wa miaka 10, au wa 25. "Adolescent" hulisikia zaidi kwa madaktari na wataalamu wa afya, wale wanaosema vijana balehe.

Lakini linalosumbua zaidi ni "youth" lenyewe. Likitajwa kwa ujumla, "the youth", ni vijana wote wa nchi, wa kike na wa kiume. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imelitumia hivyohivyo, kwa maana ya jumla ya watu wote waliofikisha miaka 18 na hawajafikisha 35. Likiwa la mmoja mmoja, "a youth", kwenye magazeti ya Uingereza mara nyingi ni mvulana, na mara nyingi tena habari yenyewe si njema: kuna dirisha limevunjwa, kuna mtu kapigwa. Huku Afrika Mashariki "a youth" wa miaka 30 anapita bila shaka yoyote, na mimi sioni kwa nini tuone haya kwa hilo. Ila kijana anayemwandikia mgeni kutoka Uingereza ajue kwamba huko ni salama zaidi kuandika "young man", "young woman" au "young people".

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Chini ya kila neno wekeni sentensi moja, na mseme ni neno la nyumbani, la ofisini au la mahakamani. Maneno matatu yenye maelezo kwa wiki yatatutosha.

Barua ya yule kijana tuliiandika upya usiku uleule. Tuliandika "I am 22 years old", tukaendelea na elimu yake na lugha anazozijua. Mahali pa "juvenile" hatukuweka neno lolote, na barua haikupungukiwa na kitu.

Wako,
Mwalimu wa Kiingereza,
Tanga