Kabla ya kulipia boti Amsterdam, ulizeni nani anasimulia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niongeze neno juu ya makala yenu ya safari iliyowashauri wasomaji wanaokwenda Uholanzi kuwatembelea jamaa zao wasiondoke Amsterdam kabla ya kupanda boti ya mifereji. Ushauri huo ni mwema na ninauunga mkono kwa dhati, kwani nyumba za mji ule zimejengwa zikiyaelekea maji, na mtu aliyeketi botini huziona kuanzia ngazi ya mlango hadi kilele cha paa kwa namna ambayo mpita njia haipati. Hata hivyo, makala ilimalizia kwa kusema kwamba boti zote hupita njia zilezile, na kwa hiyo msafiri achukue iliyo karibu na kituo cha treni na yenye bei nafuu. Hapo sikubaliani nanyi. Nilipanda boti mbili ndani ya wiki moja, zote zikapita mfereji mmoja, na yale niliyoelezwa katika ya kwanza hayakufanana na niliyoelezwa katika ya pili.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Historia, na nyumbani kwangu ni Mkunazini, Mjini Unguja. Mwishoni mwa mwezi wa Juni tulikwenda, mimi na mke wangu, kumuona binti yetu anayeishi Utrecht pamoja na wajukuu zetu wawili. Siku ya pili tu binti yetu alitununulia tiketi za boti kubwa, ile ndefu yenye paa la kioo. Tulikaa kwenye viti kama vya basi, kila mmoja akapewa visikilizio na kutakiwa achague lugha. Lugha zilikuwa karibu 20 na Kiswahili hakikuwemo, kwa hiyo mimi nikasikiliza Kiingereza, na mke wangu, ambaye hakukisomea, akavivua visikilizio vyake baada ya dakika kumi akaanza kuniuliza mimi. Jua lilipiga juu ya kioo hata tukashindwa kuona vilele vya nyumba. Zaidi ya hayo, sauti iliyorekodiwa haikukingoja chombo: tulipozuiwa na foleni chini ya daraja maelezo yaliendelea, tukawa tunasimuliwa mnara wa kanisa la Westerkerk huku macho yetu yakitazama tezi ya boti iliyotutangulia.

Sitaki kuidhulumu sauti ile, kwa kuwa ilitufundisha mengi. Tulijifunza kwamba mifereji mitatu mikuu, Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht, ilianza kuchimbwa mwaka 1613 mji ulipokuwa ukipanuka, na kwamba eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2010, miaka 10 baada ya Mji Mkongwe wetu. Tulionyeshwa boriti zinazochomoza juu ya nyumba, zinazofungwa kapi na kamba ili kupandisha mizigo kupitia madirishani, maana ngazi za ndani ni nyembamba mno. Tuliambiwa pia kwamba majumba yale ya kale yamesimama juu ya nguzo za miti zilizokitwa katika matope hadi kwenye mchanga mgumu, na kwamba kasri iliyopo katika uwanja wa Dam peke yake ina nguzo 13,659. Mtu wa Unguja hawezi kusikia hayo asizifikirie nyumba zetu, ambazo upana wa vyumba vyake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kule kiwanja cha kando ya maji ndicho kilichokuwa ghali, huku kwetu mti ndio uliokuwa na kikomo, na pande zote mbili watu wakaishi katika vyumba vyembamba.

Lakini tulipofika Gouden Bocht, yaani Kona ya Dhahabu, sehemu ya Herengracht ambako matajiri wa karne ya 17 walijenga majumba mapana kuliko mengine yote, sauti ilisema kwamba utajiri huo ulitokana na biashara. Ilitaja viungo, hariri na vyombo vya kaure. Ilipofika mbele ya nyumba nambari 502 ilisema hayo ni makazi rasmi ya meya, na tukapita.

Siku nne baadaye tulipanda boti ya pili, ndogo na ya wazi, yenye abiria 12, ambayo nahodha wake ndiye aliyekuwa msimuliaji. Mbele ya nambari 502 alizima mota, akaiacha boti ielee, akatueleza kwamba nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1672 kwa ajili ya Paulus Godin, aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi, kampuni iliyowasafirisha Waafrika kwenda kuuzwa ng'ambo ya Atlantiki, na pia wa Jumuiya ya Suriname. Jumuiya hiyo ilianzishwa mwaka 1683 ili kuliendesha koloni la Suriname, huko Amerika ya Kusini, na mashamba yake ya miwa, na theluthi yake ilimilikiwa na mji wa Amsterdam wenyewe. Kwa hiyo waliofaidika hawakuwa matajiri wachache wa mfereji ule peke yao, bali ilikuwemo pia hazina ya mji. Mbele ya nyumba ipo kumbukumbu ya jambo hilo, lakini aliyekaa botini hawezi kuisoma, na asipoambiwa hatajua kwamba ipo.

Nahodha hakuishia hapo, akaja hadi siku zetu. Tarehe 1 Julai 2021 meya Femke Halsema aliomba radhi kwa niaba ya mji. Desemba 2022 Waziri Mkuu Mark Rutte akaomba radhi kwa niaba ya serikali. Na tarehe 1 Julai 2023 Mfalme Willem-Alexander akafanya hivyo katika bustani ya Oosterpark, uliposimama mnara wa kitaifa wa kumbukumbu ya utumwa. Maelezo yote hayo yalichukua dakika zisizozidi tano, na hakuna abiria aliyechukizwa. Mzee mmoja Mjerumani aliuliza maswali mawili ambayo ningefurahi kuulizwa na mwanafunzi wangu yeyote. Wala si habari zilizofichwa. Makumbusho ya Amsterdam ilitangaza mwaka 2019 kwamba haitaiita tena karne ya 17 Zama za Dhahabu, kwa sababu jina hilo linawasahau waliolipa gharama ya dhahabu hiyo. Mwenye boti anayeendelea kusimulia viungo na hariri pekee ameachwa nyuma na mji wake mwenyewe.

Jambo hili linanigusa kwa sababu ya mahali ninapoishi. Kutoka mlangoni kwangu ni hatua chache hadi kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, na kila siku ninawaona wageni, Waholanzi wakiwemo, wakisimama mbele ya sanamu za watu waliofungwa minyororo shimoni. Hakuna mtembeza wageni wa Unguja mwenye kujiheshimu atakayewapitisha hapo akawaambia kwamba mji ulitajirika kwa karafuu na pembe, kisha akaendelea na milango ya nakshi. Tunawaeleza kwamba miongoni mwa walionunua na kuuza walikuwemo watu wa hapahapa, mababu wa majirani zetu. Tunalieleza kwa aibu, lakini tunalieleza. Soko lile lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Ni mwaka huohuo, tarehe 1 Julai, ambapo watumwa wengi wa Suriname waliachiwa kweli, baada ya kutangazwa huru mwaka 1863 na kisha kulazimishwa kubaki kazini kwa miaka 10 zaidi. Watu wa asili ya Suriname huiita tarehe hiyo Keti Koti, maana yake minyororo imekatika, na huiadhimisha kila mwaka Amsterdam. Nasi tulibahatika kuwa huko. Tena Waholanzi walifika hadi kwetu: kati ya mwaka 1776 na 1778 meli za Kampuni yao ya India Mashariki zilitumwa kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi pwani ya Waswahili, Unguja ikiwemo, kutafuta watumwa. Mswahili aliyeketi katika boti ya Amsterdam, basi, hasikilizi habari za watu wa mbali.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza muuza tiketi liwe hili: maelezo yanatolewa na mtu au na mashine? Yakiwa ya mtu, muulizeni kama husimulia pia habari za makoloni na utumwa. Atakayejibu kwa kusitasita amekwisha kuwajibu. Wapo waliojitolea kabisa kwa kazi hiyo, kama vile Black Heritage Amsterdam Tours iliyoanzishwa na Jennifer Tosch mwaka 2013, ambayo hutembeza watu kwa miguu na kwa boti ikiwaonyesha alama za Waafrika katika mji. Swali la pili ni njia. Si kweli kwamba boti zote hupita mahali pamoja: nyingine hutumia muda mwingi katika maji mapana ya IJ nyuma ya kituo cha treni, ambako mandhari ni ya bandari na majengo mapya, na anayetaka Herengracht ahakikishe kuwa imetajwa. Akipata inayopita penye makutano ya Herengracht na Reguliersgracht, ataona madaraja saba yamepangana, moja nyuma ya jingine, jambo ambalo kutoka barabarani halionekani vizuri.

Bei za kawaida kwa saa moja tulizokutana nazo zilikuwa kati ya euro 15 na 25 kwa mtu mzima, na boti ndogo haikuzidi sana kubwa. Familia za Kiislamu ziulize mapema kama safari ni ya mvinyo na jibini, kwa kuwa boti nyingi za jioni huuza vileo au huvitoa ndani ya bei, na kelele za abiria zikishapanda hata nahodha bora hasikiki. Maneno kwamba boti ni ya umeme yasiwashawishi kulipa zaidi, kwani tangu mwaka 2025 jiji limeanza kuzizuia boti za starehe zinazotoa moshi katikati ya mji, na umeme unageuka kuwa wajibu wa wote. Tena msinunue tiketi kwa mtu aliyesimama njiani na karatasi mkononi. Sisi wa Unguja tunawafahamu papasi, yaani madalali wanaowaandama wageni njiani, na wa kule hawana tofauti kubwa.

Nisiwaonee wenye boti kubwa. Mvua ya Uholanzi haina msimu, na wakati wa baridi boti ya wazi ni adhabu kwa mzee na kwa mtoto. Boti ndogo tuliyopanda haikuwa na choo, na kuingia kwake kulihitaji kushuka hatua mbili ndefu kutoka ukingoni. Mke wangu mwenye maumivu ya goti alishikwa mikono na watu wawili. Mwenye kutumia kiti cha magurudumu atapata nafuu zaidi katika baadhi ya boti kubwa, lakini aulize kabla, maana si zote zilizotengenezwa kwa ajili yake. Anayelazimika kupanda yenye sauti ya kurekodiwa na asome kidogo kabla ya kwenda, au afuatane na mtu anayejua, kisha akae karibu na dirisha linalofunguka.

Ipo pia namna ya tatu ambayo makala yenu haikuigusa. Sheria za Uholanzi hazidai leseni kwa boti iliyo chini ya mita 15 na isiyopita kilomita 20 kwa saa, na kwa hiyo familia inaweza kukodi kiboti cha umeme na kujiendesha yenyewe. Jumapili kabla ya kurudi kwetu tulifanya hivyo. Binti yetu alishika usukani, mimi nikakaa omo na wajukuu, na tulipofika nambari 502 nikawasimulia kwa Kiswahili mambo ya Godin, ya Suriname na ya Mkunazini, nikisimama na kuendelea kadiri walivyouliza. Mdogo, mwenye miaka minane, alitaka kujua kama meya analala katika chumba kilekile cha Godin. Nilimwambia amwandikie barua amuulize, na mama yake akaahidi kumsaidia.

Naomba, Mhariri, mtakapoandika tena juu ya mji huo muitaje namna hii pamoja na tahadhari zake: kukaa upande wa kulia wa mfereji, kuzipisha boti kubwa ambazo haziwezi kugeuka haraka, kuwavalisha watoto jaketi za kuokolea tangu gatini, na kutoka asubuhi mapema, kwa sababu kuanzia saa nane mchana siku za mwisho wa wiki mifereji hujaa mno na anayejifunza usukani hatapata nafasi ya kusimama mbele ya nyumba yoyote.

Mwalimu mstaafu,
Mkunazini, Unguja