Makombora yangu ni ya urefu wa kidole

Mhariri,

Mimi ni fundi wa majahazi ya mapambo hapa Langoni, Lamu, ila usiku, watoto wakishalala, naunda vindege vya plastiki, mifano midogo ya ndege za kweli. Mwezi uliopita kifurushi changu kilizuiliwa siku tisa kwa kuwa muuzaji aliandika juu yake "makombora manne". Nikaitwa, nikaulizwa nayapeleka wapi! Yalikuwa ya mfano tu, ya aina ya Sidewinder (kombora la ndege za kivita), ya resini, yaani utomvu wa kiwandani uliogandishwa, ya kufunga kwenye kindege changu cha F-5, ndege ya aina ile ile ambayo jeshi letu la anga linayo tangu 1978. Kombora la kweli lina urefu wa kama mita 3. Langu, kwa kipimo cha 1/48, yaani urefu wa kweli ugawe kwa 48, ni sentimita 6 na ushei. Mwishowe afisa alicheka, lakini joto la stoo lilikwisha yapinda kama ndizi. (Niliyanyoosha kwa maji moto, hilo si neno.)

Mnaoagiza, mwambieni muuzaji aandike "vipande vya resini". Gundi ya plastiki haiishiki resini, tumieni supaglu. Na msasa uwe wa maji, pua mzifunike, vumbi lile ni baya kwa mapafu. Mke wangu ameshanihamishia barazani.

Fundi wa majahazi,
Langoni, Lamu