Gari jipya lijazwe upepo kiasi gani? Fungua mlango wa dereva

Wiki haipiti bila mteja kuingia kwenye gereji yetu hapa Dodoma na gari lililotoka bandarini Dar es Salaam siku chache tu zilizopita, akatuambia: "Fundi, nipunguzie upepo ubaki 26. Jua la Dodoma litanipasulia matairi." Anasema kwa nia njema kabisa, maana ameambiwa hivyo na mtu anayemwamini. Sisi hukataa kwanza, tukamwomba afungue mlango wa dereva, ndipo tunazungumza. Ushauri huo wa kupunguza upepo ndio unaopasua matairi, na tumeona matokeo yake mara nyingi mno hata hatuwezi kunyamaza.

Ni kweli upepo hutanuka ukipata joto, ila si kwa kiasi ambacho watu wanakihofia. Joto likipanda nyuzijoto 5 au 6, geji hupanda takriban psi 1 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo, kama ile 26 ya mteja wetu). Waliotengeneza gari wanalijua hilo, na namba wanayoitoa ni ya tairi la baridi ambalo limeachiwa nafasi ya kupanda likiwa njiani. Hatari iko kwenye ubavu wa tairi. Tairi lenye upepo mdogo hubonyea pale linapokanyaga, kisha hunyooka, kisha hubonyea tena. Chukua kipande cha waya ukikunje na kukikunjua harakaharaka mahali pamoja, baada ya muda mfupi hutaweza kukishika. Sasa fikiria tairi la gari dogo: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa linazunguka takriban mara 700 kwa dakika. Ukitoka hapa kwenda Morogoro, hizo ni kilomita zipatazo 260 za kukunjwa namna hiyo juu ya lami ya moto, na ndani mna watu watano na mizigo. Ubavu unaiva kwa ndani, nyuzi zinaachana na mpira, na kabla hujaimaliza Gairo tairi linaachia. Dereva hulaumu jua. Jua limechangia, lakini tairi lilishaanza kufa tangu lilipopunguzwa upepo.

Kwa hiyo namba sahihi ni ipi? Iko kwenye kibati au stika iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, na maandishi yake humtisha mtu, lakini unahitaji kujua herufi mbili tu: 前 ni matairi ya mbele, 後 ni ya nyuma. Pembeni yake utakuta saizi ya tairi, halafu namba kama 220, 230 au 250. Hiyo ni kPa, kipimo kingine cha upepo. Geji zetu mitaani zinasoma psi, kwa hiyo 220 ni sawa na psi 32, 230 ni 33, 240 ni 35 na 250 ni 36. Ukikuta 2.3 badala ya 230, ni kipimo kingine cha Kijapani na jibu ni karibu lilelile, psi 33. Magari madogo mengi huangukia humo humo kati ya 32 na 36, ila mbele na nyuma zinaweza kutofautiana, kwa hiyo usikubali kujaziwa namba moja pande zote kabla stika haijasomwa.

Namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe, mara nyingi psi 44 au 51 ikiwa na neno MAX, siyo ya kujazia. Huo ni mwisho ambao tairi hilo halipaswi kuuvuka, na mtengenezaji wake hajui litafungwa kwenye gari gani. Mteja mmoja alikuja analalamika gari lake jipya linarukaruka kama mbuzi kwenye barabara ya vumbi, na kila akikanyaga breki anahisi linateleza. Tulipima tukakuta 45 kote. Fundi aliyemjazia alisoma ubavu wa tairi. Upepo ukizidi hivyo, tairi hukanyaga kwa katikati tu, likaliwa hapo katikati, na likigonga jiwe halina ulaini wa kujihami.

Pima tairi likiwa baridi: gari limelala usiku, au limesimama kwa muda wa saa tatu, au limetembea kilomita mbili hivi na si zaidi. Aliyekuja kwetu kutoka mbali kama Mtumba ameshapasha matairi. Geji ikimsomea 38 wakati stika inasema 34, hatutoi hata kidogo. Tukitoa, kesho asubuhi atakuwa na upungufu. Na kama tairi la moto linasoma chini ya stika, hapo kuna kasoro ya kweli: tunaongeza, kisha tunatafuta upepo unapotokea.

Waliochukua gari Dar es Salaam wajue jambo moja zaidi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya nje huku ni nyepesi, hivyo tairi lililojazwa pwani litasoma juu kwa karibu psi 2 likifika hapa, hata kama joto ni lilelile. Ukishuka pwani inakuwa kinyume. Na asubuhi ya Julai, wakati baridi yetu inashuka chini ya nyuzijoto 15, usishangae geji kusoma pungufu kuliko ilivyosoma Novemba. Pima upya, ongeza panapopungua. Hata tairi zima lisilo na pancha hupoteza takriban psi 1 kwa mwezi, kwa hiyo mara moja kwa mwezi inatosha, pamoja na kila kabla ya safari ndefu. Usisubiri taa ya dashibodi inayoonya upepo umepungua. Magari mengi ya Japani hayana, na yaliyo nayo kwa kawaida huiwasha upepo ukiwa umeshapungua karibu robo.

Miiba ya migunga ni habari yetu ya kila siku huku. Mwiba ukikatikia kwenye tairi la tyubulesi, yaani lisilo na mpira wa ndani, unavujisha taratibu kwa wiki nzima bila kukuonyesha chochote. Tairi moja likishuka kila mara kuliko wenzake, usiendelee kuongeza tu, lilete tulizamishe kwenye maji.

Na spea! Tumepigiwa simu na mtu aliyekwama mbele ya Mtera akielekea Iringa, spea ikiwa chini ya upepo wa mpira wa miguu, kwa sababu tangu gari lishuke melini hakuna aliyeigusa. Ile spea nyembamba hutaka upepo mwingi, kwa kawaida 420 kPa, yaani psi 60, na mwendo wake usizidi kilomita 80 kwa saa. Imeandikwa juu yake.

Tunafungua saa 1 asubuhi, na kupima hatutozi. Kama unakaa jirani, njoo saa hiyo kabla hujazunguka mjini. Ondoa mizigo juu ya spea, nasi tutaanza na hiyo.