Hesabu za usaili: maandalizi ya Jumamosi

Habari zenu jamani. Wengi mmeniuliza pembeni kama lazima kurudia kalkulasi yote kabla ya usaili wa kazi za programu na data. Hapana. Wekeni nguvu kwenye uwezekano na kuhesabu mipangilio, huko ndiko watu wanakoangukia.

Swali la Jumamosi: unarusha sarafu mpaka upate kichwa mara mbili mfululizo. Kwa wastani utarusha mara ngapi? Wengi huropoka 4. Jibu ni 6. Uite wastani huo W. Ukianza na upande wa pili (nusu), umetumia mrusho 1 na unaanza upya. Kichwa kisha upande wa pili (robo), umetumia 2, unaanza upya. Vichwa viwili (robo), umemaliza kwa 2. Yaani W = ½(1+W) + ¼(2+W) + ¼(2). Malizieni wenyewe, na mseme kila hatua kwa sauti. Msaili anataka kusikia unavyofikiri. Ukikaa kimya ukikokotoa kichwani, hata ukipatia hajui umefikaje.

Vipeo vya 2 vishikeni kwa moyo. 2^10 ni 1024, kwa hiyo 2^20 ni kama milioni, na kutafuta kwa kugawa nusu (kila hatua unatupa nusu ya vilivyobaki) kwenye orodha iliyopangwa yenye vitu milioni ni hatua 20 hivi. (Logarithimu mnazoziogopa ndizo hizo tu.)

Picha za majibu ziwe hapa kabla ya Ijumaa jioni. Mwandiko usomeke, tafadhali.