Websaiti zetu hazifunguki kwa simu za wateja wetu

Mhariri, asalaam aleikum na poleni na kazi. Mimi ni fundi wa websaiti, nakaa Kisauni, kazi hii huu ni mwaka wa kumi na moja naifanya, na leo nataka tuongee kuhusu websaiti zinazotengenezwa hapa hapa Mombasa na wenyeji wa Mombasa hawawezi kuzifungua.

Nianze na mamangu mdogo. Yeye auza leso, ameziuza tangu mimi sijaingia shule, na mwaka jana mwishoni akaamua na yeye awe na websaiti maana wateja wake wako Lamu, wako Msambweni, wengine wako Dubai, na kila mmoja ataka kutumiwa picha kwa WhatsApp mpaka simu ya mama ikajaa. Akatafutiwa dizaina, akalipa pesa nzuri tu, akatengenezewa. Kwa laptopu ya yule dizaina ilikuwa yapendeza kwelikweli, picha kubwa za leso zapishana, video ya bahari iko nyuma yacheza yenyewe, maandishi yaingia yakipepea. Wiki ya kwanza mteja wa Msambweni akapiga simu, "Mama, hiyo websaiti yako yazunguka tu, haifunguki, na bando langu limekwisha." Wa pili akasema vivyo hivyo. Mama akaja kwangu simu mkononi akaniambia, "Mwanangu hebu nitazamie, nimelipa halafu nalaumiwa mimi."

Nikaipima. Ukurasa wa mbele peke yake ulikuwa megabaiti 26. Picha tano zimetolewa kwa kamera zikawekwa vile vile zilivyo, kila moja ina upana wa pikseli 4000, pikseli ni zile nukta ndogo zinazounda picha, na simu ya huyo mteja wa Msambweni skrini yake ni pikseli 720, yaani analipia picha ambayo sehemu kubwa yake simu yenyewe haina pa kuionyesha. Video ndo usiseme.

Lakini kilichoniuma zaidi sio hizo megabaiti. Mnajua leso ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na mwanamke wa pwani haangalii rangi peke yake, asoma jina kwanza, ajua hii ampelekee wifi, hii ampelekee mamake, hii asimpelekee mtu kabisa. Sasa ile templeti, yaani kiolezo cha websaiti alichokuta kimeshachorwa, ilikuwa yakata kila picha iwe mraba. Leso ni ndefu, kwa hivyo jina lilikatwa huku na huku. Leso iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati" ikabaki "sipati tamaa". Dizaina hakuona kwa sababu hakusoma, aliona ni pambo tu la kitambaa. Nikakaa na mama siku mbili, tukapiga picha upya kwa simu yake mwenyewe pale mlangoni asubuhi jua halijawa kali, leso imetandazwa yote, na chini ya kila picha tukaandika jina lake kwa maandishi ya kawaida. Sasa mtu akitafuta jina Google laweza kumleta dukani, zamani jina lilikuwa ndani ya picha tu na Google haikuwa na namna nzuri ya kujua.

Picha tulizipitisha kwa Squoosh, hiyo ni ya bure, watu wa Google Chrome ndo walioitengeneza, yafanya kazi ndani ya brauza yako, picha haipelekwi kwa seva, yaani kompyuta ya mbali, ya mtu. Unapunguza upana mpaka pikseli 1200, unachagua WebP, aina ya faili ya picha iliyo nyepesi, ile iliyokuwa megabaiti nne inashuka chini ya kilobaiti 150 na jicho la kawaida halioni tofauti. Video tuliifuta. Ukurasa mzima sasa hauzidi kilobaiti 700. Msambweni wafungua, na mama hajapigiwa simu ya lawama tena.

Naomba vijana wenzangu wa fani hii wanisikize hapa hata kama hawatasoma kwingine, jaribu kazi yako kwa simu ya bei ya chini kabla hujachukua pesa ya mtu. Huna simu hiyo, Chrome kwa kompyuta ina sehemu ya mafundi, unabonyeza F12, hapo unaweza kuifanya intaneti yako iwe polepole kama ya mtu aliye mbali na mnara, na hapo hapo kuna Lighthouse inayokupimia ukurasa na kukuambia ni nini kizito. Fungua pia kwa brauza ya Opera Mini, maana wako watu wengi wanaitumia kuokoa data na ikiwa imewekwa ibane sana, kurasa zinapitia kwa seva zao kwanza, menyu zile za madoido zinakataa kabisa kufunguka. Mambo ya ukurasa mmoja kunyumbuka kulingana na skrini sio mapya, dizaina Mmarekani Ethan Marcotte aliyaandika tangu 2010, lakini bado naona watu wanachora ya laptopu kwanza halafu wanakuja kuifinya iingie kwa simu. Anza na simu. Ikikaa vizuri kwa simu kuipanua ni rahisi.

Na hapa kwetu kuna jambo la jua. Mtu anafungua websaiti yako akiwa amesimama foleni ya feri Likoni saa saba mchana, nawe umeweka maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe kwa sababu uliona yapendeza kwa ofisi yenye AC. Haoni kitu. Kuna kipimo kinachokubalika dunia nzima, maandishi ya kawaida yawe na tofauti ya angalau 4.5 kwa 1 na rangi iliyo nyuma yake, na WebAIM, wanaoshughulika na websaiti kufikika na watu wenye ulemavu, wana chombo cha bure, unaweka rangi zako mbili chakuambia zimepita au la. Mimi binafsi hata hiyo 4.5 naiona ndogo kwa jua letu, nenda 7. Batani nazo ziwe za kidole cha mtu mzima, pikseli 44 kila upande sio nyingi.

Sasa Kiswahili. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu naona twajidharau bure. Templeti nyingi zimechorwa na watu wa Kiingereza, batani zao zimepimwa kwa neno moja fupi, wewe ukiandika "Ongeza kwenye kikapu" herufi zatoka nje, kisha dizaina amwambia mteja Kiswahili hakikai vizuri, arudisha Kiingereza, na mama auzaye leso kwa Waswahili anaishia na duka la Kiingereza. Kilichokosea ni batani. Usiipe upana wa kudumu, iache ijinyooshe kwa maneno yaliyomo, na maneno yakikataa mstari mmoja yaende wa pili. Hayo ni mabadiliko ya dakika tano.

La pili, kila ukurasa una mahali pa kutangaza lugha yake, mistari ya juu ya HTML, ule msimbo unaojenga ukurasa, panaitwa lang. Templeti nyingi huja na en, yaani Kiingereza. Ukiandika Kiswahili na ukaacha en hapo, mtu asiyeona anayetumia simu inayomsomea kwa sauti, programu inachukua sauti ya Kiingereza na kumsomea Kiswahili, haelewi hata neno. Weka sw, ya Kiswahili. Ni herufi mbili tu. Nina jirani asiyeona, mtu wangu wa karibu, nilipombadilishia websaiti ya msikiti wetu akasikiza nyakati za swala zikisomwa vizuri, na tangu siku hiyo hakuna kazi inayotoka mkononi mwangu bila kuangalia hizo herufi mbili.

Pia linki zetu zatembea kwa WhatsApp kuliko kwa njia nyingine yoyote, na ukituma linki ikatoka tupu, haina picha wala kichwa, watu wadhani ni utapeli, na wana haki kuogopa. Kuna mistari michache inaitwa Open Graph, ya kichwa, ya maelezo na ya picha, unaiweka juu kwa msimbo wa ukurasa na linki yako yatoka na uso wake.

Kuhusu kujifunza. Naona vijana wanalipishwa pesa kubwa kwa kozi za wiki mbili, wapewa cheti na templeti tatu. Sisemi kozi zote ni mbaya, mwalimu mzuri akikaa na wewe ni baraka, lakini kabla hujauza simu ya mamako ulipe ada jua haya. Mtandao wenyewe wa kurasa hizi, World Wide Web, tulipewa bure, Mwingereza Tim Berners-Lee aliubuni pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, mwaka wa 1989 na mwezi wa nne 1993 CERN wakautoa kwa watu wote bila malipo, na mpaka leo ukifungua ukurasa wowote kwa kompyuta ukabonyeza Ctrl na U wauona msimbo wake. Mimi hivyo ndo nilivyoanza, nilikuwa nafanya kazi saiba nikiprintia watu CV, wateja wakipungua nafungua kurasa za watu naangalia zimejengwaje, nanakili kwa daftari. Baadaye nikaijua MDN ya Mozilla, websaiti ya maelezo ya mafundi, mpaka leo siku haipiti sijaifungua, kila kitu cha HTML, CSS ya kupanga sura na rangi, na JavaScript ya kufanya ukurasa utende kazi kiko pale kimeelezwa na mifano. freeCodeCamp wako tangu 2014, unasoma ukifanya mazoezi, hawadai shilingi. W3Schools ni rahisi kwa anayeanza. Kuchora, Inkscape kwa nembo na GIMP kwa picha ni za bure kabisa, na Figma ina sehemu ya bure inayotosha mtu mmoja. Fonti, yaani mitindo ya herufi, ziko Google Fonts, za bure hata kwa kazi ya biashara, ila usichukue sita, kila moja ni mzigo kwa bando la mteja, mbili zatosha. Ukitaka mahali pa kuweka kazi zako watu wazione, GitHub Pages hawalipishi kwa websaiti za kawaida zisizo na mambo ya seva. Na ukihitaji watu, usisome peke yako nyumbani ukakata tamaa, Swahilipot, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa, iko pale Mji wa Kale karibu na Fort Jesus, nenda ukae na wenzako.

Picha zilizopigwa na watu wengine msichukue Google tu mkaweka. Tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na hata kama ile picha haina jina la mtu ina mwenyewe. Websaiti za picha za bure, Unsplash na Pexels, wanakuruhusu, Wikimedia Commons pia ukifuata masharti yaliyoandikwa chini ya picha na kumtaja mpigaji. Lakini kwa biashara ya hapa nyumbani, toka upige. Halwa ya mtu wa Mji wa Kale piga halwa yake mwenyewe na sinia lake, mteja anayeijua ataitambua.

Na neno kwa wenye biashara. Domeni, yaani anwani ya websaiti yako, iandikishwe kwa jina lako na barua pepe yako, sio ya dizaina. Za .ke zasimamiwa na KeNIC na zauzwa na mawakala waliowaidhinisha, unaweza kununua mwenyewe kwa M-Pesa ukakaa na nywila yako. Nimeshaona duka la samani likipoteza jina lake la miaka sita kwa sababu fundi alihama akabadilisha namba, jina lilikuwa la huyo fundi kwa maandishi, na hakuna aliyeweza kumsaidia yule mzee mwenye duka. Alilia mbele yangu.

Mhariri, nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilitua hapa Mombasa 2009. Zaingia kwetu kwanza halafu ndo zaenda bara. Na bado ujuzi wa kuutumia huo mtandao mengi yake tunausoma kwa Kiingereza, na kijana wa Likoni ambaye Kiingereza chake si kizuri lakini jicho lake la rangi na mkono wake wa kuchora ni hodari anaachwa nje. Wako vijana wanaochora matatu na kuandika mabango ya maduka, kazi yao ukiiona wastaajabu, nao hawajawahi kuambiwa kwamba kazi ile ile yaweza kuhamia kwa skrini.

Ombi langu ni kona ndogo kwa gazeti lenu, hata nusu safu kwa wiki, ya ufundi huu kwa Kiswahili. Somo moja kila wiki, na maneno yake tukubaliane humo humo, maana kila mtu ana lake, huyu asema tovuti, huyu websaiti, kitufe ama batani, wasomaji wataandika na tutajua lipi limeshika. Mafundi wa hapa tuko wengi tutakaoandika bila kudai malipo. Mimi nimeshaanza ya kwanza, ni ya kupunguza picha, nimeiandika kwa mtu anayetumia simu peke yake bila kompyuta, na mamangu mdogo ameifuata mwanzo mpaka mwisho akafaulu. Mkikubali nitaileta ofisini mwenyewe.

Fundi wa websaiti,
Kisauni, Mombasa